Mzigo wa Mpagazi Mmoja

Wengi wanaokuja Kalimoni huja kutafuta ploti, kumwona mgonjwa hospitalini, au kumtembelea mwanafunzi anayesoma pale Juja. Sijasikia aliyekuja kumtafuta Theodore Roosevelt. Hata hivyo, huyo rais wa zamani wa Marekani alipita sehemu hizi, akala, akalala, akawinda, kisha akaandika kitabu. Basi hebu tujiulize: kitabu alichoandika mgeni kuhusu kwetu ni cha nani? Na sisi tunaoishi hapa tunakidai nini, au chenyewe kinatudai nini?

Kwanza mambo yenyewe. Roosevelt alitoka madarakani Machi 1909. Tarehe 21 Aprili mwaka huohuo alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, na wataalamu waliotumwa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Walipanda reli hadi nyanda za Kapiti. Mwezi Mei wakawa wageni wa tajiri Mmarekani, William Northrup McMillan, kwenye shamba lake la Juja, linalotazamana na Kilimambogo. Nyumba ilikuwa karibu na mahali mto Nairobi unapokutana na ule tunaouita Ruiru, ambao yeye aliuandika Rewero. Kitabu chake, African Game Trails, kilitoka mwaka 1910, na kina sura nzima kuhusu shamba la Juja, kiboko wake na chui wake. Mwishoni kuna hesabu: baba na mwana waliua wanyama 512, miongoni mwao simba 17, tembo 11 na vifaru 20.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni sanduku. Roosevelt alikuwa msomaji wa kweli. Alibeba vitabu kama 60 hivi, vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jua, mvua na jasho: Biblia, Homer, Dante, Shakespeare, Mark Twain. Alivisoma chini ya mti mchana, alivisoma kando ya moto usiku. Ila nikisema "alibeba" nimeteleza kama lugha inavyotuteleza sote. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba sanduku lile lilikuwa na uzito wa karibu ratili 60, yaani kilo 27, mzigo wa mpagazi mmoja. Katika maelezo hayo vitabu vina majina. Mpagazi hana.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayetazama, ni mwepisi. Fikiria mtu anatembea kutwa na Homer, Dante na Shakespeare kichwani, na hakuna hata mmoja anayemfunulia ukurasa. Elimu yote ile ilimfikia kama uzito wa shingo tu.

Sasa, kuna majibu mawili ya haraka ambayo husikika kila jambo kama hili likizungumzwa, na yote mawili siyakubali.

La kwanza: ah, achana naye, huyo alikuwa mtu wa wakati wake. Sawa, lakini wakati huo ulikuwa wa nani? Mpagazi pia alikuwa mtu wa wakati wake. Waliokuwa wakichunga na kulima sehemu hizi kabla shamba halijapimwa na kuitwa la McMillan nao walikuwa watu wa wakati huohuo. Tukisema "wakati ule ndivyo watu walivyofikiri", tunawahesabu watu upande mmoja tu, halafu tunaita hesabu hiyo historia. Hatuwezi kumwelewa mtu mmoja kwa kuwafuta mamia waliosimama karibu naye.

La pili: basi kitupe hicho kitabu, hakituhusu. Hapa nasema pole pole. Ndani ya kitabu hichohicho kuna majina ambayo pengine yasingehifadhiwa kwingine: Muhamed na Bakari waliomshikia bunduki Roosevelt, Hamisi na Simba waliotunza farasi, Juma Yohari aliyefuatana na Kermit. Kuna hata kicheko cha wapagazi. Roosevelt wakamwita Bwana Mkubwa, ambalo ni jina la heshima la kawaida. Lakini Kermit alianza kuwa Bwana Mdogo, kisha wakambatiza Bwana Maridadi. Hilo si jina la kupewa na bosi, ni jina la kutoka kwenye moto wa jikoni, la watu wanaomtazama kijana na kumpima. Roosevelt aliliandika kwa tahajia yake, akidhani anasimulia kichekesho. Bila kukusudia, alituachia ushahidi kwamba waliobeba mizigo walikuwa na macho na maoni yao. Ukikitupa kitabu, unawatupa na wao mara ya pili.

Kisa hakiishii porini. McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa kwenye mlima wa Kilimambogo. Mjane wake, Lucie, alisimamia kujengwa kwa maktaba ya kumkumbuka mumewe jijini Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1931, na bado iko pale Banda Street, na nguzo zake na simba wake wa mawe mlangoni. Kwa zaidi ya miaka 25 ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi mwaka 1958. Hebu weka mambo haya mawili pamoja: mwaka 1909 Mwafrika alifaa kubeba maktaba ya mgeni wa McMillan kichwani, na mwaka 1931 hakufaa kuketi ndani ya maktaba yenye jina la McMillan. Mzigo ule ule, mlango umefungwa.

Leo mlango uko wazi, na jina halijabadilika. Wapo wanaotaka jina lifutwe, na sababu yao naielewa. Mimi naona jina likifutwa peke yake, lawama inafutika pamoja nalo, na mtoto anayeingia hatajua kwamba kuna siku babu yake angefukuzwa hapo. Deni lisiloandikwa ni rahisi kukanwa. Afadhali jina libaki, na kando yake pawekwe maneno wazi: lini palifungwa, kwa nani, na lini palifunguliwa. Kukumbuka si kusifu.

Ila haki ina makali pande zote mbili, na upande wa pili unatugusa sisi wa Kalimoni. Ni rahisi kuzitazama zile risasi na kusema: hao ndio waliotumalizia wanyama. Ukweli ni mgumu zaidi. Mnyama hatoweki kwa bunduki ya msafara mmoja tu. Hutoweka anapokosa pa kulala na pa kunywa. Mkonge na kahawa vilichukua nyanda, kisha zikaja nyua, kisha zikaja ploti zetu za hamsini kwa mia. Nasi tunahitaji pa kuishi, sikatai. Lakini aliyekuja mwaka 1909 aliandika kila alichokiua, namba kwa namba. Sisi tunaopima na kuuza hadi ukingoni mwa mto, hesabu yetu iko wapi? Miaka mia ijayo mtu atauliza nani alikuwa hapa, na tukijibiwa kwa niaba yetu kwamba tulikuwa watu wa wakati wetu, tutaridhika?

Kwa hiyo jibu langu kuhusu kitabu ni hili: si chake peke yake, na wala si chetu bure. Ni mali iliyobebwa na watu wetu, na aliyebeba ana sehemu yake hata kama hakusaini. Sehemu hiyo haidaiwi kwa hasira wala kwa shukrani. Inadaiwa kwa kusoma. African Game Trails kimekwisha umri wa hakimiliki, mtu yeyote mwenye simu anaweza kukipata bila malipo. Mwalimu wa hapa Juja anaweza kuchukua ile sura moja, akawaambia wanafunzi watafute kila mtu anayefanya kazi ndani yake, waandike jina likiwepo, na lisipokuwepo waandike kazi aliyoifanya na uzito alioubeba.

Sanduku lile la vitabu sasa liko Chuo Kikuu cha Harvard, limehifadhiwa vizuri. Nafurahi kwamba lipo. Ningefurahi zaidi kama anayelionyesha angemwambia mgeni kwanza lilikuwa na kilo ngapi.