Je, 2,000 za Inua Jamii Zinamtoa Mtu Katika Umaskini?



Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono pale langoni akaniuliza, "Pasta, hizi pesa za serikali si zinafundisha watu kukaa tu?" Hakuwa na ubaya. Ni mtu aliyeanza kwa kusukuma mkokoteni, na leo ana duka la vifaa vya ujenzi. Nilimjibu harakaharaka kwa sababu watu walikuwa wakingoja maombi, na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi. Wacha nijaribu tena hapa.

Mpango wa kulipa pesa hizi ulianza mwaka 2004, kwa familia zinazolea mayatima. Baadaye wakaingizwa wazee na watu wenye ulemavu mkubwa. Mwaka 2018 mpango ulifunguliwa kwa waliofikisha miaka 70. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kiasi hicho kimebaki palepale kwa zaidi ya miaka kumi. Bei ya unga, mnajua wenyewe, haikubaki.

Sasa nikiri jambo. Mwaka juzi nilikuwa kwenye kamati yetu ya misaada, na mimi ndiye niliyependekeza mama mmoja mjane aondolewe kwenye kapu la chakula la kila mwezi. Nilisomea biashara, kwa hivyo nilikuja na karatasi yenye hesabu. Nikasema huyu ana kipato tayari, anapokea Inua Jamii, tumpe nafasi mwingine. Ilionekana ni haki. Wote tukainua mikono.

Miezi michache baadaye nikamtembelea. Anaishi chumba kimoja na wajukuu wawili. Nilipouliza habari za makaa, maana nilikumbuka alikuwa akiuza mlangoni, akacheka kidogo. "Pasta, makaa tulikula." Akanieleza. Kanisa lilipokuwa likimpa unga, maharagwe na mafuta, pesa ya serikali ilikuwa haiguswi. Ikija, alinunua gunia la makaa akauza kwa kasuku, akiwa ameketi kwa sababu ya magoti. Faida ililipa kodi ya nyumba. Kapu lilipokoma, 2,000 zikaingia sufuriani. Gunia lililobaki likawa la mwisho.

Nilirudi nyumbani kimya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara anajua kwamba mtaji ukiliwa, biashara imekufa. Mimi nilikuwa nimeona mapato nikasahau kuuliza yanafanya kazi gani. Aliyemfundisha yule mama kukaa tu hakuwa serikali. Nilikuwa mimi na karatasi yangu.

Kuna utafiti uliofanywa Rarieda, kule Siaya, ukachapishwa mwaka 2016. Familia maskini zilizokuwa zikiishi nyumba za nyasi zilipewa pesa bila masharti, wengine kidogokidogo kila mwezi, wengine kwa mkupuo. Matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka, na hapo ndipo wengi wetu tungeweka dau letu. Lakini mimi kilichonishika ni kingine: waliopokea kila mwezi walielekea zaidi kupata nafuu ya chakula, na waliopokea kwa mkupuo wakaelekea zaidi kununua vitu vya kudumu. Pesa ya kila mwezi inamzuia mtu asizame. Kumtoa majini ni kazi nyingine, inataka kiasi kingine. Tunaitazama 2,000 ya mwezi tukiuliza mbona haijamtajirisha bibi wa miaka 74, kana kwamba iliahidi hivyo.

Soma 2 Wafalme 4. Mjane yule alikuwa na deni, na wanawe wawili walikuwa karibu kuchukuliwa watumwa. Elisha alimuuliza ana nini nyumbani. Mafuta yakatosha kulipa deni, na yaliyobaki yakawalisha. Na vyombo alivitoa wapi? Kwa majirani.

Mzee wangu ana hoja, sikatai. Paulo aliwakemea watu wa Thesalonike waliokataa kufanya kazi, na vijana wa namna hiyo tunao, wengine nimewaombea kazi wakaiacha baada ya wiki mbili. Lakini Paulo huyohuyo, kwenye 1 Timotheo 5, anaweka orodha ya wajane na umri wa kuandikwa, miaka 60, na anasema watoto na wajukuu watangulie kuwatunza wazazi wao. Hapo wengi wetu tunasoma haraka. Kuna mama anayengoja pesa ya serikali ilhali mwanawe anaegesha gari hapa uwanjani kila Jumapili. Na kwenye Matendo 6, wajane waliposahaulika katika mgao, mitume hawakuufunga mgao. Waliagiza wachaguliwe watu saba wausimamie vizuri.

Kamati inakutana Jumatano jioni. Nimeomba jina la yule mama lirudishwe kwenye kapu, na gunia la makaa liwe ajenda ya pili, litolewe mara moja tu. Mzee wangu wa duka la vifaa, nimekuwekea kiti. Njoo na maswali yako yote.