ROHO WA MUNGU JUU YA MUTU WA SHABA

Masomo: Kutoka 31:1-6 na 35:25-35



Kila juma, nyuma ya ibada, vijana wanakuja kwa mashemasi kuomba sala. Zamani waliomba kwa ajili ya homa, ao safari, ao mutihani wa serikali. Siku hizi wengi wanaleta ombi moja: "Shemasi, niombee, njia yangu imefungwa." Ukiuliza nani ameifunga, wengine wananyamaza. Wengine wanataja jina la nkambo wao, mara nyingi mujane anayekaa peke yake nyuma ya nyumba ya watoto wake. Neno hilo ni zito sana. Katika inchi yetu tumeona wazee wakifukuzwa nyumbani, hata kupigwa, kwa sababu mujukuu hakupata kazi. Kwa hiyo inaomba tufungue Maandiko pamoja.

Katika Kitabu cha Kutoka, Mungu anamwita mutu mumoja kwa jina lake, Bezaleli. Hakuwa nabii wala kuhani. Alikuwa fundi. Tunasoma kwamba Mungu alimujaza Roho wake ili ajue kazi ya zahabu, ya feza na ya shaba, kuchonga mawe na kuchonga miti. Sisi watu wa jimbo ambalo liliitwa Shaba tangu 1971 mupaka 1997, tunapita haraka sana juu ya neno hilo. Roho alimushukia mutu wa shaba! Na Biblia inamutaja pamoja na baba yake Uri na nkambo wake Huri. Wengi wanafahamu kwamba ni Huri yule yule aliyeshikilia mukono wa Musa siku ya vita na Waamaleki. Basi jina la nkambo limeandikwa pale kwa heshima, karibu na jina la mujukuu.

Bezaleli alijifunza wapi? Walikuwa wametoka Misri juzi tu, na kule walikuwa watumwa. Biblia haisemi, lakini mimi ninafikiri Roho hakumukuta mikono mitupu. Mutu ambaye hajashika nyundo hata siku moja, anataka Roho amwongoze katika nini?

Sisi wa Mwadingusha tunaishi kando ya mufano mukubwa. Union Minière ilizuia muto Lufira, ziwa Tshangalele likatokea, na kiwanda cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930, wakati ule kikiitwa Francqui. Umeme ulikwenda kwa viwanda vya shaba vya Likasi. Maji yale yalikuwa yakianguka pale tangu nkambo wa nkambo zetu, lakini hayakuwasha taa hata moja mupaka yalipozuiliwa na kuongozwa. Mashine zikachakaa. Zikatengenezwa upya, na mwaka 2021 zote sita zilizunguka tena kwa nguvu ya megawati 78. Hazikuponywa kwa kuwekewa mikono. Watu waliojua kazi ndio waliozitengeneza.

Wazazi wetu walikuwa na sababu ya kutufundisha kungojea. Kampuni iliyoshika nafasi ya Union Minière mwaka 1967, ile iliyokuja kuitwa Gécamines, ilitoa mushahara, unga, nyumba, masomo na hospitali. Watu walisema kampuni ni baba, kampuni ni mama. Kiisha mugodi wa Kamoto ukabomoka katika Septemba 1990, na shaba iliyopita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ikashuka karibu na tani 30,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka na feza ya mara moja mukononi. Baba huyo amezeeka, wandugu. Lakini kuna nyumba ambamo mutoto mwenye diploma anakaa miaka 5, miaka 6, akingojea kuandikwa kazi, na mama anamwambia: ngojea. Huo si ulozi. Ni matanga yasiyoisha.

Wengine hawangojei, wanashuka katika mashimo. Siwahukumu. Sheria ya madini ya 2002 inatambua wachimbaji wa mukono, na watoto wengi wanalipiwa masomo kwa feza hiyo. Lakini tunajua habari za Shinkolobwe, karibu na Likasi, ambako serikali ilifunga machimbo mwaka 2004, na mwaka ule ule udongo ukaangukia watu. Tunajua habari za Kolwezi, Juni 2019, ambako zaidi ya watu 30 walikufa. Kijana mumoja aliniambia kwamba katika shimo anapata kwa siku moja kile ambacho fundi angemupa kwa mwezi. Ni kweli, siku ile anapoipata. Nikamwuliza: shimo limekufundisha nini ambacho utabeba siku litakapokwisha? Akacheka, akasema mafundisho hayapikwi bukari. Wadogo zake ni wanne na baba yao hayuko. Yeyote anayetaka kuhubiri juu ya uvumilivu aanze kwanza kwa kuangalia chungu cha nyumba ile.

Hapa ninageukia sisi wakubwa, kwa maana sala ya vijana inatuhusu. Soma 35:34. Mungu hakumupa Bezaleli ufundi tu. Alimutia yeye na Oholiabu moyo wa kufundisha wengine. Ni mafundi wangapi kwetu wenye moyo huo? Kijana anabeba mufuko wa vyombo miaka miwili, anateka maji, anafagia, na siku ya kufungua motere anatumwa sokoni ili asione. Fundi anaogopa kwamba mwanafunzi atamunyanganya wateja. Kiisha tunashangaa kijana akikimbilia shimo! Anayefundisha na awe wazi, na kazi ikilipwa amugawie kijana sehemu, hata kidogo, ili nyumbani kwao wale.

Na wasichana? Mistari 25 na 26 inasema juu ya wanawake wenye hekima waliosokota nyuzi kwa mikono yao wenyewe. Kazi yao iliingia katika hema ya Mungu sawa na shaba ya Bezaleli. Kwetu feza ikipunguka, msichana ndiye wa kwanza kutolewa masomoni, na baadaye tunasema bahati yake ni mbaya. Bahati gani?

Juu ya wale wanaodai feza kwa kufungulia watu njia, nitasema kidogo tu: yule anayeuza sala kwa kijana asiye na kazi anamunyanganya mara mbili.

Sisi tulipokea maneno matatu, Upendo, Amri na Kazi, na la tatu tunaliimba kuliko kulifanya. Papa Simon Kimbangu mwenyewe, kabla ya mwaka 1921, alikwenda Kinshasa kutafuta kazi kama vijana wetu. Nyuma ya hukumu ya 1921 aliletwa huku kwetu Katanga, katika gereza la Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na alibaki mufungwa miaka 30 mupaka kifo chake mwaka 1951. Ni nani kati yetu atamwambia huyo kwamba njia iliyofungwa ni alama ya laana?

Jumapili ijayo, nyuma ya ibada, wazee wanaojua kuchomea chuma, kutengeneza motere, kujenga na kushona wabaki kando ya mulango wa kushoto. Vijana waje, wasichana na wavulana, kila mumoja aandikishe jina, umri na kazi anayotaka kujifunza. Na yule ambaye angali anataka kuombewa juu ya njia yake, tutaomba naye bila feza yoyote. Aje pamoja na nkambo wake, wapige magoti wote wawili.

Shemasi wenu