Goti la Michango

Mwezi Novemba 2024 mjomba wangu alibadilishiwa goti la kulia. Miezi kumi na moja baadaye alionekana akishuka Mlima Kigali kwa baiskeli, kwenye njia ya udongo inayopita katikati ya miti, amesimama juu ya pedali kama kijana. Aliyemwona alimpigia mama yangu simu kabla mjomba hajafika Nyamirambo, na jioni hiyohiyo kikaitishwa kikao cha familia. Swali lililoulizwa pale ndilo ninalotaka kulijadili, kwa sababu naona hatukulijibu vizuri, mimi nikiwemo, niliyekaa karibu na mlango nikigawa chai. Mtu aliyewekewa kiungo kwa fedha za wengine, je, ana haki ya kukihatarisha kwa starehe yake?

Kwanza goti lenyewe. Daktari wa mifupa hukata ncha zilizolika za mfupa wa paja na za muundi, akazivika vipande vya chuma, na kati yake akaweka plastiki ngumu ifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na gegedu. Mfupa ukivunjika huunga. Plastiki ikilika imelika. Hata hivyo magoti haya hudumu: uchambuzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba kati ya magoti 100 ya aina hii, 82 hivi hufikisha miaka 25. Lakini wazee ndio wengi miongoni mwa wanaobadilishiwa. Utafiti mwingine wa jarida hilohilo, wa mwaka 2017, ulionyesha kwamba wanaume waliofanyiwa upasuaji huu wakiwa na miaka hamsini na kidogo tu, hatari yao ya kurudi tena mezani kabla ya kufa hufika asilimia 35. Mjomba ana miaka 52.

Kupiga pedali kwenyewe si adui wa goti la bandia. Baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, ni sehemu ya kawaida ya matibabu, kwa kuwa uzito wa mwili hubebwa na kiti, na goti hujifunza upya kukunjika hadi zile nyuzi 110 hivi ambazo pedali hudai ili izunguke kamili. Kinachoogopwa ni kuanguka. Mfupa uliovunjika pembeni ya chuma ni mgumu kuungwa, na kubadilisha goti mara ya pili ni kazi kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu mfupa wa kulishikilia umekwisha kupungua. Ndiyo maana madaktari wengi huruhusu baiskeli kwenye njia tambarare, kisha husita mgonjwa anapotaja mlima. Mjomba alipewa ushauri huohuo wa njia tambarare. Aliyeutoa sijui alikuwa anaifikiria Kigali ipi.

Kikaoni mama ndiye aliyeanza. Alisema goti lile lina jasho la watu, akawataja mmoja mmoja: ikimina yao ya wanawake iliyotoa mkopo ambao bado unalipwa, kaka yao aliyeuza pikipiki, bibi aliyetoa akiba yake ya sanda. Sikutajwa, ingawa nami nilitoa faranga elfu kumi. Babu akaongeza neno moja zito, kwamba mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na mwenye amana hachezi nayo. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama.

"Dada, mlinipa goti au mlinikodisha?"

Hakuna aliyejibu. Nilipokuwa nikiosha vikombe nilijaribu kumjibia kwa yale tunayosoma darasani. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, anashikilia kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima isipokuwa kuzuia madhara kwa wengine. Faida yake mwenyewe si sababu ya kutosha. Kwa kipimo hicho mjomba amekwisha shinda. Likivunjika litavunjika lake, naye aliahidi mbele ya wote kwamba halitakapovunjika tu bali hata likilegea, hatatuomba tena hata senti.

Lakini ahadi hiyo haina uzito, na kila aliyekuwa chumbani alilijua hilo. Nani angemwacha mjomba kwenye mkeka, mfupa umevunjika, kwa kuwa mwaka jana alisema tusihangaike? Mama angekuwa wa kwanza kwenda kwenye ikimina. Kuhatarisha kilicho chako peke yako kunahitaji watu wanaoweza kukukatalia, na sisi hatuwezi kukataliana. Kwa hiyo mjomba aliposema kwamba kuanguka kwake ni shauri lake, alikuwa anasema uongo, ingawa mwenyewe hakukusudia.

Ningeweza kuishia hapo nikampa mama ushindi. Kinachonizuia ni jirani yetu wa mtaa wa chini, ambaye naye ana goti kama hilo na alililipia mwenyewe. Yeye akipanda baiskeli kesho hataitiwa kikao. Watu watamsifu kwa moyo wa ujana. Basi tukiifuata hoja ya mama hadi mwisho wake, uhuru wa mtu juu ya mwili wake unakuwa mali ya mwenye kulipa, na maskini kila anaposaidiwa anaacha kipande chake kwa waliomsaidia. Leo ni goti, kesho ni aliyechangiwa dawa kuulizwa anakula nini, au aliyechangiwa ada kuambiwa aoe nani. Msaada wa namna hiyo unafanana na kamba, hata ukitolewa kwa mapenzi.

Na neno la babu? Nalikubali, mwili ni amana. Ila nimejiuliza amana hii ilianza lini. Kwa miaka tisa mjomba alibeba viazi na ndizi sokoni kwa baiskeli, magunia mawili nyuma na wakati mwingine la tatu juu yake, akisukuma kwenye miinuko kifua kimelala juu ya mzigo. Siku moja breki zilikatika kwenye kona akaanguka, na goti likapinda chini ya gunia. Alifungwa kitambaa na kupakwa dawa ya kuchua. Wiki ya pili alirudi barabarani kwa sababu muhula ulikuwa unaanza, na muhula huo ulikuwa wangu. Daktari alipoitazama picha miaka mingi baadaye alisema gegedu lilichanika zamani, na kwamba goti lililoumia hivyo huwahi kulika. Sikumbuki kikao chochote cha mwaka ule. Goti lilipokuwa likilika kwa ajili ya ada zetu halikuwa amana ya mtu. Limekuwa amana tangu alipotaka kulitumia kwa furaha yake.

Ni kweli tendo la kazi na tendo la starehe haviko sawa mbele ya maadili. Aliyejiumiza akitafuta chakula cha watoto tunampima tofauti na aliyejiumiza akicheza. Lakini starehe hii ni ipi? Baiskeli ya mlima imekwisha kuwa na historia yake nchini mwetu: Adrien Niyonshuti alishindana katika mchezo huo kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na njia inayofuata ufuo wa Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, kilomita 227, huwavuta waendesha baiskeli kutoka mbali. Mjomba alikwisha pita sehemu ya njia hiyo kabla goti halijamshinda. Mashindano ya dunia ya barabara yalipofanyika Kigali Septemba 2025 na Tadej Pogačar akawaacha wenzake Mlima Kigali, mjomba alikuwa amesimama pembeni ya barabara hiyo. Nilimuuliza anapata nini kule juu. Aliniambia kwamba ile baiskeli yenye matairi mapana ndiyo ya kwanza maishani mwake isiyokuwa na mzigo nyuma.

Wazee wetu walikuwa na ingobyi, machela ya kusuka ambayo majirani walimbebea mgonjwa, wakapokezana mabegani kutoka kilima hadi kilima mpaka kwenye matibabu. Aliyepona hakuwa na deni la kukaa ndani asije akaugua tena. Deni lake lilikuwa kutoa bega zamu yake ikifika. Naona hapo ndipo kikao chetu kilipopotea: tulimdai mjomba tahadhari, na kilichostahili kudaiwa ni bega. Hilo hajalikataa kamwe. Mkopo wa ikimina anaulipa yeye pamoja na mama, na kaka yao alipolazwa mwezi wa pili, mjomba ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali siku nne.

Kosa lake ninaloliona ni jingine. Baiskeli aliificha kwa rafiki, na kwa wiki sita mke wake aliambiwa kwamba anakwenda kumtembelea mgonjwa. Wabebaji hawana mamlaka ya kukuchagulia kilima, ila wana haki ya kujua uko kilima gani, kwa kuwa wao ndio watakaokuja. Kuwaficha ni kuwatumia mabega bila kuwauliza. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Mpwa wangu, ningewaambia mngenikataza." Ni kweli tungemkataza. Kwa hiyo hata uongo wake sehemu yake ni yetu, na sijui nigawanye vipi.

Anaendesha bado, kila Jumapili asubuhi. Kikao cha pili, kilichokuwa kifupi kuliko cha kwanza, kilikubaliana kwamba aage kabla ya kutoka, asiende peke yake, na apige simu akifika kileleni. Kaka yao aliyeuza pikipiki hakuhudhuria. Alituma ujumbe kwamba lake amekwisha kulisema. Mama alipendekeza apande kwa baiskeli kisha ashuke kwa gari, na hata babu alicheka.

Simu hiyo huja karibu saa tatu. Mjomba husema, "Nimefika juu," akakata. Mke wake huiweka simu mezani, uso ukitazama juu, na haanzi kupika mpaka asikie geti, kwa sababu naye anajua kwamba kupanda siyo hatari yenyewe.