Samaki Sugu

Kwa wanaofuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani, sifa kubwa anayoweza kupewa samaki ni kwamba ni sugu. Samaki kipepeo wengi, hawa ambao Pwani tunawaita vitatange, hawana sifa hiyo. Wapo wanaokula matumbawe hai tu. Ukimtia mmoja wao kwenye tangi la kioo atadonoa mawe, atakonda na kufa huku chakula kikielea mbele yake. Chaetodon auriga ni tofauti. Huyu mweupe mwenye michirizi ya kijivu, manjano nyuma na doa jeusi kama jicho la pili, hula minyoo, mwani, anemoni, na akishazoea hula hata kamba waliotoka kwenye friji. Kwa hiyo ndiye tunayeshauriwa kumnunua.

Ushauri ni mzuri, hata mimi ningeutoa. Ila tazama unavyofanya kazi: asiyevumilia anaachwa baharini, anayevumilia anakamatwa. Kifo cha yule ni hoja tunayoisikia. Huyu akila, tunasema ameridhika. Lakini sugu ni pia ile ngozi ngumu ya kiganja cha mvuta makasia, na hakuna anayeitazama akasema kasia halikumuumiza.

Mwenzangu darasani hunijibu kwamba baharini angeliwa na chewa, na kwamba hatujui samaki anataka nini. La chewa nakubali. La pili nalikubali nusu. Tunajua kwamba kwenye miamba samaki hawa mara nyingi huonekana wawili wawili. Tunajua pia kwamba akiwa mchanga huelea bahari kuu kwa wiki kadhaa, kichwa kikiwa kimefunikwa kwa mabamba ya mfupa, na kipindi hicho ni kigumu mno kukilea ndani ya tangi. Ndiyo maana karibu kila kipepeo wa dukani alitolewa baharini. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza samaki hao nje, na mzamiaji anayewafuata na wavu wake analipa karo kwa kazi hiyo. Sina uso wa kumhubiria.

Hasa kwa kuwa nami ninaye mmoja. Aliachwa na mpangaji aliyehama, pamoja na tangi la lita 400, pampu na chupa za kupimia amonia. Bahari iko dakika kumi kwa miguu, na kila mgeni huniuliza kwa nini nisimrudishe. Kwa sababu ameishi maji mamoja na samaki wa bahari nyingine, na vimelea alivyochukua kwao vitaingia naye kwenye mwamba.

Basi yuko peke yake. Tiba ya upweke wake, kama ni upweke, ni kununua mwenzake, yaani kumlipa mtu atoe mwingine baharini. Muuzaji ameniambia anaye mmoja, tayari anakula, na kwamba huyo kukamatwa ameshakamatwa, nimnunue nisimnunue. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba nafasi yake dukani ikibaki wazi itajazwa.

Nimemjibu hapana. Wangu anaogelea mbele ya kioo ninapoandika. Uzi wa pezi lake la mgongoni umerefuka, dalili kwamba amekomaa, na leo amekula mara tatu.