Nyota anapoomba kuondoka

Desemba 2022, kiungo Feisal Salum, Fei Toto wa Zanzibar, aliiandikia klabu yake, Yanga, barua ya kuvunja mkataba na kuambatanisha shilingi milioni 112. Klabu ilizirudisha. Januari 2023, kamati ya shirikisho la mpira la Tanzania iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Feisal hakurudi kuichezea Yanga.

Hapo ndipo timu hupimwa. Kiungo hupokea mpira, huinua kichwa, humtafutia mshambuliaji njia. Akikosekana, wenzake wote hubadilisha mahali pa kusimama. Yanga iliziba pengo kwa watu wengi badala ya mmoja, na mbele alikuwepo Fiston Mayele, Mkongomani aliyetoka AS V.Club ya Kinshasa, jina linalotajwa kwa fahari hata hapa Yanonge, Kongo. Mayele alifunga mabao 7 na kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho la Afrika. Yanga ilifika fainali, ikafungwa nyumbani 2-1, ikashinda Algiers 1-0, na kombe likaenda USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini. Ubingwa wa ligi ulibaki Yanga.

Mvutano wa Feisal na Yanga haukumfaa yeyote: kijana alipoteza nusu msimu wa miaka yake bora. Rais Samia Suluhu Hassan alipoiomba klabu iumalize, ulimalizika Juni 2023. Feisal akauzwa kwa klabu ya Azam, na msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi.