Msikariri Kemia, Ieleweni!

Wanangu wa kidato cha tano, mliochagua PCB, PCM na CBG, nisikilizeni! Mmelala na maswali ya mitihani iliyopita, mmeamka nayo, mmeyameza na majibu yake. Mtunzi akigeuza swali kidogo tu, mnashika tama. Acheni!

Itazameni kemia pale ilipo. Katika tanuri la chokaa la pwani, mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, moto ukawashwa, kalsiamu kaboneti ikavunjika. Gesi ya kaboni dioksidi inapaa, chokaa inabaki. Sasa chukua jiwe lilelile, lifungie katika chombo kisichovuja, lipe joto lilelile. Gesi itajaa humo mpaka inayotoka kwenye jiwe ilingane na inayorudi kwenye chokaa, na utadhani kazi imekoma. Haijakoma! Huo ndio msawazo mnaoukimbia. Waliochoma chokaa iliyojenga misikiti ya Kilwa Kisiwani waliiacha gesi ijiendee, karne nyingi kabla mkemia Le Chatelier hajaandika kanuni yake ya msawazo mwaka 1884.

Aliyelielewa tanuri hilo hababaishwi na amonia, mama wa mbolea ya urea. Ataeleza mwenyewe kwa nini viwanda huibana naitrojeni na haidrojeni kwa shinikizo la angahewa 200 hivi, na kwa nini huziweka kwenye nyuzi joto zaidi ya 400 ilhali baridi ndiyo inayopendelea amonia: kwenye baridi mmenyuko ungekwenda polepole mno, hata ukiwa na kichocheo cha chuma.

Na maabara, wanangu! Aluminiamu na zinki zote hutoa mashapo meupe, na mashapo hayo huyeyuka sodiamu haidroksidi ikizidi. Mwenye kukariri jedwali hukwama hapo, akachungulia kwa jirani. Anayejua kwamba zinki hushikana na amonia hudondosha maji ya amonia hadi yazidi, akaona mashapo ya zinki yanatoweka na ya aluminiamu yanabaki. Anajibu bila kutetemeka.

Msipike majibu! Bureti ikikuonyesha 23.40, andika 23.40, hata darasa zima likiwa na 24.00. Anayezoea kubuni namba leo, kesho atapima dawa ya mgonjwa.

Mtaniambia shule yenu haina kemikali. Najua, na inaniuma. Wenye mamlaka wana deni kwenu, na msichoke kulidai. Lakini msikae mikono mitupu mkingoja. Chemsheni choya, gaweni maji yake mekundu katika vikombe viwili. Kimoja kamulieni ndimu, kingine tieni maji ya jivu kidogo kidogo. Rangi itakapogeuka, ulizaneni kwa nini, bishaneni, andikeni milinganyo yenu wenyewe, kisha mpelekeeni mwalimu aikosoe. Anzeni Jumamosi hii!