Imani Yetu na Bibi Mwenye Macho Mekundu



Twasikia mara nyingi ikisemwa kwamba mtu asiyemwamini Mungu hawezi kuwa na maadili mema. Neno hili linatupendeza sisi tunaoketi kanisani kila Jumapili, maana linatufanya tujione wema bila kutoka jasho. Lakini historia hailikubali hivi hivi. Wazee wa Usukumani walimjua Muumba, wakamwita Liwelelo, kabla wamisionari wa CMS hawajaanza kazi pale Nassa, kando ya ziwa, katika miaka ya 1880. Walijua kwamba wizi ni aibu na kwamba mgeni halali njaa. Mtume Paulo mwenyewe, katika sura ya pili ya Waraka kwa Warumi, anakiri kuwa wapo wasio na Torati ambao sheria imeandikwa mioyoni mwao.

Tena wako waliomwamini Mungu kwa dhati na mikono yao ikabaki michafu. SPG, chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, kiliachiwa kwa wosia mashamba ya miwa ya Codrington, kisiwani Barbados, mwaka 1710. Kikamiliki watumwa huko mpaka utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza miaka ya 1830. John Newton, mtunzi wa nyimbo za kanisa, aligeukia imani katika dhoruba baharini mwaka 1748, lakini akaendelea na safari za merikebu za watumwa hadi 1754. Aliongoza mabaharia wake kusali, na chini ya sakafu waliyosimama watu walikuwa katika minyororo! Alipoandika hadharani kuupinga utumwa ilikuwa 1788. Miaka 40 imani ilikuwamo kifuani mwake kabla haijalifikia jambo lenyewe.

Hatusemi imani haikufaa kitu. Watu wa aina ya Newton, walipofumbuka macho, hoja yao ilikuwa hii: mtumwa ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi hana bei. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale pakajengwa kanisa.

Sasa tuje kwetu. Tunajua jinsi vikongwe walivyouawa katika nchi hii ya Usukuma kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Macho hayo ni ya moshi, matokeo ya miaka hamsini ya kupikia kuni na samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha. Mtafiti Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, jirani zetu, akachapisha mwaka 2005. Aliona kwamba mwaka wa ukame au wa mafuriko mauaji hayo yalifika karibu mara mbili ya kawaida, na kwamba wauaji kwa kawaida walikuwa jamaa. Chakula kikipungua ghalani, bibi huonekana mzigo. Ramli hutafuta sababu baadaye. Kisha kuanzia 2007 ikawa zamu ya ndugu zetu wenye ualbino, hata Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda akafuta leseni za waganga wa jadi.

Je, wote waliokwenda kupiga ramli hawakubatizwa? Tusidanganyane. Jumapili tunakiri kwamba Mungu ni Mwenyezi. Jumatatu mtoto akifa tunauliza nani kamloga. Kama Mungu ni Mwenyezi, ajuza asiyeweza kubeba ndoo ya maji anapata wapi nguvu za kuzuia mvua? Na kama naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu, ni nani aliyetupa ruhusa ya kupiga hesabu ya kifo chake?

Mvua zikichelewa, minong'ono huanza kisimani. Tusingoje mkutano wa mtaa. Siku hiyo hiyo twendeni kwa huyo bibi mchana, watu wakiona, wazee wa kanisa na akina mama pamoja. Tuketi uani kwake, na akitupa chakula, tule.